Bati Linalovuja kwa Mama Mkwe

Jumapili, 2 Novemba

Daktari wa kituo cha afya amenipima presha, akapima tena, kisha akaniuliza kama kuna kitu nyumbani kinachonikasirisha. Nikacheka. Akasema presha yangu haichekeshi hata kidogo, nipunguze chumvi, na kila nikitaka kufoka nichukue kalamu niandike. Basi naandika. Ikiwa siku moja atataka kusoma, ajue kwamba anasoma habari za Casimir, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya mtaa wa Bel-Air, mkazi wa mtaa wa Hewa Bora, katika nyumba ya matofali aliyojenga marehemu baba yangu alipokuja kutoka Kasai. Tangu baba afe nyumba hiyo inaniangukia kipande kwa kipande.

Leo baada ya misa, Angélique, mke wangu, amenitangazia kwamba mama yake anakuja kutoka Mokambo, kule mpakani. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Moja limekwisha kuwa jeupe, la pili bado linaona vivuli. Daktari wa macho amekubali kumpasua lile lenye matumaini mwezi wa pili. Amesema wakingoja msimu mwingine wa mvua, huenda upasuaji usisaidie tena.

"Atalala mu chumba ya nyuma," Angélique akasema. "Iko paka kazi kidogo tu. Utapaka langi, utaweka rideau, utaangalia mulango."

"Tuite mutu wa kazi."

"Mutu wa kazi ya nini? Na weye uko nani mu hii nyumba?"

Swali hilo nimeliandika hapa.

Jumamosi, 8 Novemba

Rangi imekwenda vizuri ukutani, na vizuri zaidi kwenye suruali yangu. Fimbo ya pazia ni habari nyingine. Ukuta wa baba una tabia za baba: ukiupigia msumari, ama unakataa kabisa, ama unakubali kwa upole halafu unaporomoka. Nimetoboa shimo, shimo likawa bakuli. Nimeziba bakuli kwa simenti, simenti haikukauka, nikapiga msumari hivyohivyo kwa sababu Angélique alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa ya simu yake.

Binti yetu Séphora, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili wa uchumi, alikuja kukagua.

"Papa, iko ya kupinda."

"Ya kupinda ku upande gani?"

"Ku pande zote."

Jumapili, 9 Novemba

Fimbo ya pazia imeanguka tukiwa mezani. Wote wameendelea kula. Afadhali wangesema.

Jumamosi, 15 Novemba

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufungi. Désiré, jirani yangu, hajawahi kupiga msumari tangu azaliwe, na ndiyo maana ana ushauri mwingi. Aliegemea ukuta unaotutenganisha, kikombe cha chai mkononi, akaniambia nipunguze mbao chini. Nikapunguza. Bado ulikwama. "Rabota tena," akasema. Nikaranda tena. Sasa mlango unafunga vizuri sana, na chini yake paka anapita bila kuinamisha kichwa.

"Hewa itapita muzuri," Désiré akasema, akaenda zake kuongeza chai.

Alhamisi, 20 Novemba

Mama Bwalya ameshuka kwenye gari la Mokambo na begi moja, mfuko wa unga na kuku wawili waliofungwa miguu. Nilisimama upande wa pili wa uwanja wa nyumba, nikachuchumaa kidogo, nikapiga makofi ya heshima nikitazama chini. Naye akapiga makofi akitazama ukuta wa Désiré. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana tangu nimwoe binti yake.

Daktari, wewe unatoka mbali, labda kwenu mambo haya yamelegea. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno la kuambiana wanalipitisha kwa mtu mwingine. Chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakanyagi. Watu wa Kasai wanasema hivyo, na watu wa Mokambo wanasema hivyo hivyo. Ni jambo pekee ambalo ukoo wangu na ukoo wa Angélique wamewahi kukubaliana bila kikao.

Kwa hiyo begi lake lilipovuka kizingiti, chumba nilichokipaka rangi kwa mikono yangu kikafungwa kwangu. Nilijisikia vizuri sana. Niliona kazi yangu imekwisha.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo nimewafundisha wanafunzi mvua za nchi za joto. Nimefundisha vizuri, hata wale wa nyuma waliamka. Nimerudi nyumbani nikakuta mfano wake juu ya kitanda cha mama mkwe.

"Mayi iko inaanguka ku kitanda ya Mama," Angélique akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Nikasema Jumamosi nitaleta fundi wa mabati. Akaingia chumbani, wakanong'ona, akatoka. Mama amekataa. Hataki mwanaume asiyemjua aingie anapolala, apande juu ya kitanda chake na viatu, yeye mwenyewe haoni hata sura yake. Zaidi ya hayo, mama hataki tusumbuke. Mvua ikizidi, atarudi Mokambo.

"Na jicho?" nikauliza.

"Njo hapo shida iko," Angélique akasema. "Akirudia, hatakuya tena. Miye najua mama yangu. Docteur anataka chumba ya kukauka, pasipo humidité, pasipo vumbi, la sivyo ile opération haifanyike. Papa Séphora, ni paka clou moya ya kurudishia. Moya."

Msumari mmoja, juu ya chumba ambacho siruhusiwi kuingia.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimepanda. Naogopa urefu, jambo ambalo sikumwambia mtu, ila nadhani mtaa mzima umeliona. Angélique alisimama chumbani kwa mama yake, Séphora uwanjani, mimi juu. Mama alisema maji yanatokea upande wa kulia wa kitanda. Angélique akamwambia Séphora, Séphora akanipigia kelele mimi. Nikatambaa hadi upande wa kulia, nikapaka lami kila palipokuwa na msumari. Nilishuka magoti yakitetemeka, nikaomba chakula kama mwanaume aliyefanya kazi.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Ukumbi, ndio ulio chini ya lami yangu, ni mkavu kabisa, haujawahi kuwa mkavu hivi. Kitanda kimelowa.

Kumbe Angélique alikuwa amekigeuza kitanda wiki iliyopita, ili mwanga wa dirisha usimpige mama machoni. Kulia kwa kitanda sasa ni kushoto kwa chumba. Nimeuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mambo ya kitanda cha mama yake si ya kuambiwa mkwe. Nimechukua kalamu.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo tulitumia simu. Séphora chumbani, mimi juu ya bati, masikio yamejaa upepo.

"Papa, ni ku gauche, ku kushoto."

"Gauche ya nani?"

"Gauche yangu."

"Na weye unaangalia wapi?"

"Naangalia juu, ku plafond, Papa. Unataka niangalie wapi?"

Nikamwambia anipigie picha ya chumba, anitumie. Nikasikia Angélique akimnyang'anya simu. "Photo ya kitanda ya mama yangu mu téléphone ya mukwe yake? Casimir, akili iko?" Akakata. Nilibaki nimelala kifudifudi juu ya nyumba ya baba yangu. Désiré aliniuliza kutoka kwake kama nimepumzika.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua. Mabeseni matatu.

Jumamosi, 13 Desemba

Wazo limetoka kwa Mama Bwalya mwenyewe. Amesema atapiga dari kwa mpini wa fagio pale maji yanapotokea, mimi juu nisikilize. Niliuliza kama hiyo si kuongea naye. Angélique akafikiri sana, akatoa uamuzi.

"Fagio aiko kinywa. Piga."

Nikapanda, nikalaza sikio kwenye bati. Tok, tok, tok. Nikatambaa kuelekea sauti, nikagonga kwa nyundo. Halafu tok, tok, kushoto zaidi. Nikasogea, nikagonga. Tok moja, kali: hapo hapo. Na kweli, msumari ulikuwa umeng'oka, tundu linanicheka. Nikaupiga mwingine, nikapaka lami mpaka kopo likabaki tupu. Chini akagonga mara mbili, nami nikajibu mara mbili. Tangu nioe, mimi na mama mkwe hatujawahi kuelewana haraka hivyo.

Alhamisi, 25 Desemba

Mvua kubwa jana na leo, na chumba ni kikavu. Mama Bwalya amechinja kuku mmoja kati ya wale wawili, na firigisi imekuja kwenye sahani yangu, imefunikwa, mikononi mwa Angélique. "Mama anasema mwenye nyumba akule." Nimekula. Mchana nimemweleza Désiré jinsi ya kutengeneza paa, kwa kirefu.

Jumamosi, 3 Januari

Linavuja tena, sasa karibu na mlango na juu ya mto wa kulalia. Nimepanda nimeona sababu. Mabati ni ya zamani, laini kama ngozi ya mzee, na kila nilipopiga goti nikitafuta tundu la kwanza nimetoboa mengine. Matundu mapya ni yangu mimi. Dari la triplex, zile mbao nyembamba, chini yake limeanza kuwa na madoa ya kahawia. Angélique amesema juu ya mto wa mama kuna ramani nzima, kama nina haja ya kufundisha.

Nikafoka. Naye akafoka. Presha sijapima.

Jumatatu, 5 Januari

Nilikuwa nyuma ya jikoni nikitafuta kipande cha ubao. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Mama Bwalya alikuwa ndani na Angélique. Begi lake lilikuwa limefungwa tayari. Ningepaswa kukohoa. Sikukohoa.

"Mama, jicho yenu itaharibika."

"Iharibike. Ile bwana yako kila samedi iko juu yangu. Miye ninalala chini, ninasikia magoti yake inatetemeka ku mabati. Weye hausikie, miye nasikia. Siku moya ataanguka. Heri miye nibakie kipofu kuliko Séphora abakie orphelin, pasipo baba."

"Yeye hasemi kama anaogopa."

"Nani anasemaka? Musimupigie makelele. Anapanda kwa sababu ya mutu asiye mama yake."

Mwezi mzima na zaidi nimeamini yule mama analala chini ya bati langu akinicheka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kisha nikaona kitu kingine, ambacho sitaki kukiandika kwa maneno makubwa: sitaki yule mama awe kipofu. Mpaka leo nilikuwa nafanya kazi hii ili nyumba inyamaze.

Siwezi kumwambia usoni. Basi aliporudi chumbani nilikwenda uwanjani, mbele ya dirisha lake, nikamwambia yule kuku aliyebaki, kwa sauti ya darasani: "Weye kuku, usikie. Siku ya opération, ile chumba itakuwa ya kukauka. Na miye sitaanguka. Mutu asirudie Mokambo."

Kuku akaendelea na shughuli zake. Baada ya muda dirishani ikasikika sauti: "Kuku, kama anasema vile, tutangoja."

Jumamosi, 10 Januari

Nimeacha matundu mojamoja. Nimenunua bâche ya bluu, turubai la kufunika upande wote wa nyuma. Sasa natambaa juu ya ubao mrefu ili magoti yasiharibu mengine. Nimeweka matofali juu ya turubai.

Jumapili, 11 Januari

Upepo. Turubai limekutwa kwenye mti wa avokado wa Désiré. Tofali moja limevunja ndoo yake. Amenipa ushauri.

Jumamosi, 17 Januari

Matairi ya zamani. Nimeyavuta juu kwa kamba, moja baada ya jingine. Nyumba ya baba yangu inafanana na gereji. Chini, chumba kimekauka.

Jumanne, 20 Januari

Mvua usiku kucha. Asubuhi Angélique alitoka chumbani na mabeseni matupu, akayaweka jikoni, akanimwagia chai bila kuombwa.

Jumatano, 4 Februari

Wamempasua leo asubuhi. Upasuaji umekwenda vizuri, ila jicho lilikuwa limekaa sana na mtoto wake, limevimba, kwa hiyo litafunikwa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo daktari aliangalie. Maagizo ni marefu. Matone asubuhi, mchana, jioni, kifuniko kikiinuliwa kidogo tu. Maji yasiingie. Vumbi lisiingie. Asiiname, asisukume kitu, asinyanyue kitu, asianguke. Daktari alimwambia Angélique kwamba ajali ndogo tu siku hizi inaweza kukifungua kile kidonda, na kikifunguka hakuna la kufanya.

Nilikuwa nyuma yao kwenye korido ya kliniki, nimegeukia ukuta kwa heshima. Kila neno nimelisikia.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nitaandika kwa kirefu, msomaji anivumilie.

Baada ya chakula cha mchana chupa ya matone ilikutwa imekauka. Angélique akaenda mjini kutafuta nyingine. Séphora alikuwa na mtihani. Nikabaki mimi sebuleni na Mama Bwalya chumbani, mlango umefungwa kati yetu. Chai nilikuwa nimeiweka kwenye kigoda mbele ya mlango wake, nikakohoa, nikaondoka, naye akafungua na kuichukua. Tulikuwa tunaishi vizuri.

Mvua ilikuja kutoka upande wa migodi, nyeusi, na upepo mbele yake. Nilitoka mlangoni, nikaliona turubai likijaa hewa, likanyanyua tairi moja, la pili, halafu likaondoka lote kama shuka kwenye kamba. Maji yakaanza kupiga mabati matupu, na matundu yote niliyoyatengeneza kwa magoti yangu yalikuwa yanayangoja.

Kisha nikasikia miguu ya kitanda ikiburuzwa. Alikuwa anakisukuma kitanda mwenyewe.

Nilikimbia uwanjani nikamwita Désiré. Yeye si mkwe wa mtu pale, angeweza kuingia. Mvua ilifunika sauti yangu. Nikampigia simu, ikaita mpaka ikakata. Nikarudi mlangoni, nikasimama na mkono kwenye kitasa kama mwizi. Nikasema, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, moja kwa moja: "Mama, musisukume kitanda."

Kitanda kikanyamaza. Halafu kikaburuzwa tena.

"Mama. Docteur alisema apana."

"Docteur haone hii plafond," akajibu.

Ndipo dari likatoa mlio, mlio mrefu wa mbao inayochoka. Nikafungua mlango nikaingia.

Alikuwa kwenye kona, katikati ya kitanda na ukuta, kifuniko cheupe jichoni. Aliposikia miguu yangu alijifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Juu ya kitanda triplex ilikuwa imejaa maji, imetuna kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na katikati ya tumbo kulikuwa na vishimo vidogovidogo, kila kimoja kinatiririka. Ni vya fagio. Tulivipiga yeye na mimi ile siku tuliyoelewana.

Nilipanda juu ya kitanda cha mama mkwe wangu na viatu. Nikasukuma lile dari juu kwa mikono miwili. Maji yakashuka kwenye mikono ya shati mpaka kwapani, mpaka kwenye soksi. Uzito ule sikuutegemea. Kama ningeachia, lingemwangukia kichwani, na kitanda alichokisukuma kilikuwa kimemfungia njia. Palibaki nafasi moja tu, kati ya mbavu zangu na kabati.

"Mama, mutoke."

"Nipite wapi? Uko mu njia."

"Mupite hapa, chini ya mukono yangu."

"Chini ya mukono ya mukwe?"

"Mama, mukono inachoka."

Nilisikia maji tu, na pumzi zake. Nilikuwa na hasira, naandika hivyo kwa sababu ni kweli: na dari, na desturi, na marehemu baba na mabati yake, na yeye aliyekuwa anafikiri. Na nilikuwa na hofu kuliko nilivyowahi kuwa nayo juu ya paa.

"Ulifunga macho?" akauliza.

"Nilifunga."

"Vizuri. Na miye jicho moya balifunika, ingine haione. Njo kusema mu hii chumba hamuna mutu."

Akapita. Alikanyaga godoro lililolowa taratibu, kichwa chake kikagusa mbavu zangu, na mkono wake ukashika mkanda wa suruali yangu ili asiteleze. Aliushika kwa nguvu. Nilifumba macho kama mtoto anayesali, nikashikilia dari mpaka nikamsikia kwenye sakafu ya ukumbi, kavu, hatua kwa hatua. Hapo nikaachia, na vyote vikaniangukia mimi na kitanda, maji, mbao, vumbi jeusi la tangu enzi za baba.

Angélique alirudi akiwa amelowa na chupa yake ya matone. Mama yake alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti changu, koti langu mabegani, kifuniko kikavu. Mimi nilikuwa jikoni natoa triplex kwenye ndevu.

"Nani alimutosha Mama mu chumba?"

"Nilitoka mwenyewe," Mama Bwalya akasema. "Mutilie matone, muache kuuliza."

Jumatatu, 9 Februari

Mama analala na Séphora. Habari zimefika Mokambo. Désiré, ambaye wakati wa mvua hakusikia kitu, baadaye alisikia kila kitu, na Séphora akamwandikia binamu yake. Leo mjomba Constantin, mdogo wake Mama Bwalya, amepiga simu. Sauti yake ilijaa sebule nzima. Mkwe ameingia chumbani kwa mama mkwe? Amepanda kitandani? Ukoo utakaa kikao, na Casimir atajieleza mbele ya wazee.

Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Mimi mwenyewe sikujua nijieleze nini. Nimefanya jambo ambalo mama yangu mzazi, kama angekuwa hai, angelia kwa kulisikia. Angélique alikuwa amekunja uso, na sikuweza kujua yuko upande gani. Kisha Mama Bwalya akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Constantin. Weye ulikuwa huku? Aukuwa. Miye njo nilikuwa. Jicho moya balifunga na pansement, ingine ilishakufa. Nitasema je eti nilimuona mutu? Muulize docteur kama kipofu anaonaka."

Mjomba akasema jambo refu.

"Basi mukae kikao yenu," akajibu, "lakini témoin, mutu aliyeona, hamuna."

Akamrudishia Angélique simu, akaomba chai. Angélique alikuja jikoni kuchemsha maji. Alisimama karibu nami, akanitoa kibanzi cha mbao kilichobaki nyuma ya sikio, akakitupa.

Jumatano, 11 Februari

Mvua. Ndoo nne, na chumba kitupu. Sikupanda.

Jumamosi, 14 Februari

Leo wamelifunua jicho. Angélique ndiye aliyeingia na mama yake, mimi nilibaki nje kwenye gari la kukodi, nikisema na dereva habari ambazo sizikumbuki. Walipotoka, Mama Bwalya alikuwa hajashikwa mkono. Aliteremka ngazi za kliniki peke yake, akisimama kwenye kila ngazi na kuiangalia.

Nyumbani nilishuka kwanza, nikafanya kama inavyotakiwa. Niliposikia wanaingia nilishika ndoo, nikaenda ukumbini, nikageukia ukuta wapite. Angélique alipita, Séphora alipita. Hatua za tatu zikafika nyuma yangu zikasimama.

"Geuka," Mama Bwalya akasema.

Angélique akamwita kutoka sebuleni, kwa sauti ya onyo.

"Docteur alisema niangalie bintu ya karibu na ya mbali. Ya mbali nimeshaangalia. Geuka huku."

Nikageuka, macho yangu sakafuni. Hakuondoka. Nikayainua. Jicho lake lilikuwa jekundu bado, la maji maji, na lilikuwa linanitazama mimi usoni, polepole, kuanzia juu: upara, ndevu, mikunjo, shati lenye lami. Hajawahi kunitazama. Siku ya harusi alikuwa na kitenge usoni, na baada ya hapo ilikuwa heshima, na baada ya heshima ilikuwa mtoto wa jicho.

"Balinieleza binti yangu aliolewa na kijana," akasema. "Kumbe ulishazeeka."

"Njo vile, Mama."

"Na mu hii nyumba."

"Mu hii nyumba."

Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama. Tangu mvua zianze, hakuna mtu wa nyumba hii aliyenitazama muda mrefu hivyo bila kuniomba nitengeneze kitu. Sikujua niyaweke wapi macho yangu, basi na mimi nikamtazama.